Imepimwa na Viatu

Kwenye mashine kuukuu, megabaiti arobaini na moja.
Kwenye mashine mpya, mia na kumi na mbili.
Programu ni ile ile, herufi kwa herufi,
niliinakili mwenyewe.

Ilpo akasema: inavuja.
Akavaa koti, akaenda zake; theluji ya Oulu
haimngoji mtu wa basi la saa kumi na moja.

Nikabaki nikitafuta tundu.
Nikaziba hapa, nikafungua pale,
nikafuta picha ya mwanzo, nikazima kengele,
nikaiachia faili moja tu, tupu,
lenye jina la paka wetu.
Mia na kumi na mbili.
Nikaiacha usiku kucha bila kazi.
Kinachovuja hakitulii alama moja hadi alfajiri.
Hiki kilitulia.

Asubuhi akaja Tuovi, soksi za sufu, kahawa mkononi.
Hakuitazama skrini. Akauliza:
Jengo lenu la Tuira, mlipojaza fomu za ukubwa wa nyumba,
sauna ya chini mlimwandikia nani?

Kila mtu aliiandika kwake.
Tulikuwa kaya tisa. Kwenye karatasi, sauna tisa.
Na ukishuka ngazi, mlango mmoja, jiko moja la mawe,
na ndoo moja ya mpini uliofungwa waya.

Nikarudi kuhesabu, ukurasa kwa ukurasa.
Mfumo wa zamani ulipima vya chumbani tu.
Huu mpya unapima na ngazi, na sauna,
na ile maktaba inayosomwa na programu zote
bila hata moja kuichukua nyumbani,
na viti vilivyotundikwa makoti
na watu ambao hawajafika.

Nikatoa vya shirika, sitini na tisa.
Nikatoa tena, kwa penseli, maana sikujiamini.

Nimemwandikia yule mteja wa Kajaani,
aliyesema tumemjazia mashine mafuta:
Bwana Yliaho, programu haijanenepa.
Mara ya kwanza ilipanda mizani peku,
safari hii imepimwa na viatu, na koti,
na mwenzake kashika mkono wake.

Lakini arobaini na tatu si arobaini na moja.
Zimebaki mbili.
Hizo si za mfumo, si za jirani, si za sauna.
Zilikaa kimya chini ya kelele ya zile sitini na tisa.
Hizo ni zangu.
Nipe hadi Ijumaa.