Makadirio

Adérito, karatasi yako nimeisoma mara tatu,
mara ya mwisho kwa miwani ya marehemu,
maana yangu ilikataa kuiona jumla.
Yuro elfu nne na mia sita.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi,
umeandika: bila kodi.

Nimeketi jikoni. Porto nzima inanyeshewa.
Penseli nimeichonga kwa kisu cha jibini.
Twende mstari kwa mstari,
kama nilivyomweleza mama yako, mwaka wa harusi yake,
kwa nini kifungo cha gamba la chaza
hakiwezi kuuzwa bei ya plastiki.

Ubunifu, elfu moja na mia mbili. Sawa,
hata mimi huosha kioo cha dirisha kabla ya kufungua.
Kikoa, kila mwaka. Kila mwaka?
Kumbe jina langu nalipanga kama chumba,
na nikichelewa kodi
wataingia wengine na masanduku yao.
Upangishaji, kila mwezi. Hapo nikaweka penseli chini.
Nilidhani tunajenga nyumba.
Tunajenga, ndiyo, ila kwenye kiwanja cha mtu.
Jambo kama hilo huandikwa mbele, mwanangu,
si nyuma ya karatasi.

Halafu picha.
Vifungo vyangu ni aina elfu tatu mia nne na kumi na mbili.
Nilivihesabu Jumapili, nikiwa na mafua,
droo baada ya droo.
Mpiga picha wako anataka yuro mbili kwa kila kimoja.
Nilizidisha, nikacheka peke yangu hadi paka akatoka:
picha zimekuwa ghali kuliko ukuta wa kuzitundika!
Na hizo hukuziandika popote.
Pesa hupenda kulala pale pasipo na mstari.

Sasa sikiliza hesabu ya mwanamke aliyeuza
kwa senti tano tano miaka thelathini na minane.
Akiba yangu ni elfu tatu na mia moja.
Mia tisa ni za Valdemiro, fundi wa paa,
kwa sababu dari inavujia droo ya vifungo vya pembe
na pembe ikilowa hupinda.
Mia mbili na ishirini, dharura. Usiniulize dharura gani;
ningeijua ningeiita kwa jina lake.
Mia mbili na arobaini, kiwanja na jina, miaka miwili,
nisije nikafukuzwa kabla sijazoea.
Zinabaki elfu moja mia saba na arobaini.
Hapo ndipo mkono unapofika. Nikune hapo.

Kikapu cha kulipia, kiondoe.
Mwandishi wa maneno, mwondoe pia:
habari za vifungo nimezisema bure maisha yangu yote.
Picha nitapiga mwenyewe, mia moja tu, saa nne asubuhi,
jua linapogonga vigae vya jirani likarudi kwangu.
Wewe niwekee jina, saa za kufungua, simu,
na mahali mtu anaweza kuniandikia:
nina kimoja, nimepoteza mwenzake.

Maana mwezi uliopita ilikuja bahasha kutoka Bergen,
ndani kifungo cha kijani kilichofungwa kwa karatasi laini.
Mama mmoja, Ragnfrid, alinipata kwa lebo kuukuu
iliyobaki ndani ya koti la baba yake.
Alisema amenitafuta miaka sita.
Mwenzake nilikuwa naye, droo ya chini, nyuma kabisa.
Miaka sita, Adérito. Hiyo nayo ni gharama,
sijui tu niiandike upande gani wa daftari.

Njoo Alhamisi, uje na koti lako.
Siku ile ulipokuwa ukinisomea jumla
kifungo chako cha pili kilidondoka chini ya kaunta.
Ninacho. Senti arobaini, na uzi.
Sitaki unilipe. Nataka ukiandike kwenye karatasi yetu,
mstari wake wenyewe.