Picha ya Mkono

Madamu alipoondoka, mkataba wake umekwisha,
aliniachia shuka lenye doa la mvinyo
na boksi la vidonge vya mashine ya kuoshea vyombo.
Mashine yenyewe ilibaki kule Muhumba, jikoni,
mdomo wazi, ikingoja umeme kama sisi wote.

Nilicheka njia nzima nikipanda Kadutu.
Mashine yangu mimi ni mikono hii,
beseni lenye ufa, konzi ya majivu,
na bidoni lililosimama foleni tangu saa kumi alfajiri.
Lakini sabuni, nani huikataa?
Nilisema nitaviponda kimoja kimoja,
sufuria za harusi ya Nabintu zing'ae hadi majirani waulize.

Vilikuwa vizuri. Lazima niliseme hilo.
Tabaka la buluu, tabaka jeupe,
na katikati tone jekundu
kama jicho la njiwa.
Kila kimoja na kanzu yake nyepesi
inayoyeyuka ukiigusa kwa kidole chenye maji,
au kwa ulimi.

Juu ya boksi, maneno ya lugha
ambayo herufi zake huvaa nukta mbili kichwani.
Na picha: mkono, matone yanaudondokea,
vimistari vinapanda kama mvuke.
Niliitazama picha ile. Mungu anajua niliitazama.
Nikaisoma: *nawa mikono*.

Nikaliweka boksi chini ya kitanda,
kando ya viatu vya kanisani,
mahali ninapoficha vitu vizuri.
Na ni mtoto gani asiyejua
mahali mama yake anapoficha vitu vizuri?

Ashuza hakulia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Alitoka mlangoni na povu kidevuni,
nikadhani anacheza, nikamwita kichekesho.
Akafungua kinywa kunijibu.
Sauti haikuja.

Mama mkwe mbio na mafuta ya mawese: Atapike! Atapike!
Baba Cirhuza, fundi wa milango,
tayari amenyoosha kidole chake kinene.
Ndipo Nsimire, wa mwaka wa pili shule ya uuguzi,
akapiga kelele tangu ngazi za juu, kandambili moja mguuni:
Msimtapishe!
Kilichochoma kikishuka kitachoma kikipanda!
Mkosheni kinywa. Maji. Kisha anywe, funda dogo, funda dogo.

Maji yale ya foleni,
niliyokuwa nikiyapima kikombe kwa kikombe,
yalikwenda yote, kinywani, kifuani, ardhini,
hadi ua wetu ukawa tope
na jogoo akasimama mguu mmoja, akitushangaa.

Mwenye pikipiki hakutaja bei.

Hospitalini daktari aliuliza: Amekula nini?
Nikatoa boksi chini ya kitenge.
Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.
Aliweka kidole juu ya picha, akasema polepole,
Mama, huu mkono haunawi.
Unaliwa.

Siku kumi na tisa uji ulipita puani, kwenye mpira.
Deni bado ninalilipa, kila Jumamosi, kwa mkono uleule.
Sauti yake imerudi, imechakaa kidogo,
redio yenye betri za juzi.
Anaponiita nageuka haraka mno,
naye hucheka, hajui kwa nini.

Vidonge kumi na saba vimebaki. Sijui pa kuvitupa.
Jalalani wanaokota watoto wa wenzangu.
Ziwani kuna sambaza tunazokula.
Choo, mvua ya Novemba ikinyesha, hututembelea mlangoni.
Nimevitia ndani ya kopo la maziwa,
nimekaza kifuniko kwa nyundo ya Baba Cirhuza,
nimelipandisha darini, pale hata mimi nahitaji ngazi.
Na ubavuni, kwa kipande cha kaa,
nimechora mkono.
Matone sikuyachora.
Nimechora meno.