Rangi Iliyotoka Mtutuni

Misimu miwili Urpo hakuwinda.
Kule Kuhmo theluji ikaja, ikaenda,
kulungu wakavuka barabara bila haraka, kana kwamba wanajua.
"Macho yamekwisha," alisema,
akaitundika bunduki katikati ya makoti
kama kitu cha marehemu.

Leo Raili ameilaza mezani, juu ya magazeti,
dirisha wazi, na nje baridi ya kupasua magogo:
dawa ina amonia, inachoma pua hadi kisogoni.
Brashi ni ya nailoni. Ya shaba
ingetoa rangi yake yenyewe, ikasema uongo.
Anasukuma ufito toka chemba hadi mdomoni,
anangoja. Kahawa inapoa.
Kitambaa kinatoka buluu.
Kingine buluu, kama yai la ndege.
Cha tisa bado kina kijani pembeni.
Miaka thelathini, kila risasi iliyopita
iliacha ngozi yake kidogo mle mifuoni,
na hakuna aliyechungulia.

"Baba, njoo uyaone macho yako."

Cha ishirini na mbili kikatoka cheupe.

Kwenye shimo la changarawe, mita mia:
ya kwanza ikaenda zake.
Mtutu uliooshwa hauna budi kukosa kwanza.
Mbili zikakaa pamoja,
ungezifunika kwa sarafu.
Ya nne ikaangukia kushoto, kiganja kizima.

Urpo akaitazama sana kwa darubini.
"Hiyo," akasema, "si shaba.
Hiyo ni yangu."