Kamba ya Ng'ombe

Baba hakujua kuogelea.
Naanza na hilo kwa sababu siku ya mazishi
wasemaji kumi na wanne walilisahau.
Walisema alikuwa jabali, alikuwa nguzo,
na yule wa kutoka Kisumu, mwenye tai, akasema simba.
Alikuwa fundi baiskeli wa Ahero
aliyeogopa maji yaliyopita magoti.

Mwaka alioitwa, nyanda za Kano
zilikuwa na makanisa ya kutosha. Watu walimwambia:
kuna la kengele, kuna la ngoma, kuna la kanzu nyeupe,
wewe Elkana unatuletea lipi?
Akasema, la kuzama.
Wakacheka hadi wakakalia ndoo zao.
Tone moja kwenye paji la uso liliwatosha wazazi wetu,
kwani dhambi zako wewe zimeingia mpaka wapi?

Ibada ya kwanza, banda la kinu cha posho cha Odhuno,
watu sita na mbuzi aliyefuata pumba.
Mahubiri yalianza mashine ilipozimwa,
na mteja akija na debe lake la mahindi
baba alinyamaza katikati ya Warumi,
akangoja unga ushuke,
akaendelea kwenye neno lile lile, kope nyeupe.

Halafu Nyando.
Mto ule una tabia: mvua hunyesha milima ya Nandi,
huku kwetu jua linawaka, nguo zimeanikwa,
na maji yanakuja rangi ya chai ya maziwa
yamebeba mgomba mzima na mizizi yake.
Humo ndimo alimopaswa kusimama,
maji kifuani, amshike mtu mzima mgongoni,
amlaze, amwinue.

Mama akafungua kamba shingoni mwa ng'ombe,
mkonge, pima saba, ina harufu ya zizi,
akamfunga baba kiunoni, chini ya joho,
fundo la kufungia ndama, lisilokaza wala kuachia.
Ncha ya pili akaizungusha mkononi,
akakaa ukingoni, visigino vimechimba tope.

Mama hakuwa ameokoka.
Mjue na hilo pia. Miaka kumi na mmoja
alishika ile kamba na hakuingia majini.
Wazee wa kanisa walinong'ona: mchungaji
hajamwongoa hata wa chumbani mwake.
Yeye anachambua omena, hainui macho:
Nikiingia mimi, nani atabaki nje kumvuta?

Daftari lake ninalo. Pembe zimeliwa na mchwa.
Nambari 1, Drusila Aoko, mjane.
Nambari 23, Odhuno wa kinu. Pembeni: mzito.
Nambari 58, kijana Obiero, kisha: amerudia pombe,
kisha, kwa wino mwingine: amerudi.
Nyuma ya daftari, mshahara:
yai, yai, kuku, shilingi mbili, yai.

Mafuriko yalipolibeba kanisa la mabati
tulipata benchi tatu kwenye mashamba ya mpunga,
moja imekaliwa na korongo.
Baba hakuhubiri Jumapili ile. Aliziba pancha.
Baiskeli tisa, bure.

Maji yaliposhuka, jioni moja, mama akasema, kesho.
Basi. Kesho.
Asubuhi akanikabidhi kamba, mimi wa miaka tisa,
akashuka na gauni lake la sokoni.
Baba alitetemeka kuliko wote aliowahi kuwazamisha.
Akasahau maneno. Mama akamkumbusha.

Nambari 112 haina jina. Ameandika: yeye.

Kamba iliniunguza viganja. Alama ipo, hii iliyopinda.

Sasa kanisa jipya litakuwa na kisima cha vigae,
maji ya mfereji, ngazi za chuma pande mbili.
Ni vizuri. Nimetoa mchango.
Kisha nikaenda zizini kuuliza ile kamba.
Ilioza zamani, wajukuu wakasema,
wakanionyesha ya nailoni, ya kijani.
Nikaivuta. Ina nguvu.
Nikainusa. Haina harufu.