Punje ya Kahawa

Miaka saba nimeolewa Kyimo, na uso wake siujui.
Najua kikohozi chake. Akikohoa njiani
naingia kwenye migomba, nageuza mgongo,
hata nikiwa na ndoo kichwani, hata matope yawe ya Aprili.
Najua buti zake za mpira pale mlangoni.
Jina lake silitaji, na neno linalofanana nalo
nalizunguka kama watu wanavyozunguka kaburi bichi.
Ndivyo alivyonifunza mama mkwe. Sikubisha.

Usiku ule mvua ilishika Tukuyu yote.
Walimleta kwa pikipiki, kabanwa katikati ya wanawe wawili,
tumbo limewambwa kama ngoma.
Siku tatu hajaenda haja. Siku mbili hata upepo hautoki.
Walianza na chumvi ya haluli,
wakaja na mizizi, wakaja na maombi.
Faili likafika mezani kwangu. Nikasoma jina.

"Nani mwingine yuko zamu?"
Hakuna. Atupele amejifungua juzi,
Nsajigwa yuko semina Mbeya mjini.
Daktari Kyando alikuwa ameshainua eksirei kwenye taa.
"Njoo uone, Sista. Punje ya kahawa."
Na kweli: tumboni mwa mtu aliyepalilia kahawa maisha yake yote,
punje moja, nene, na mfereji wake katikati.
Utumbo mpana, pale chini kushoto unapojipinda
kabla ya kushuka kwenye puru,
ulikuwa umejizungusha kwenye shina lake wenyewe, ukajinyonga.

Nilimwomba mtu wa usingizi amfunike uso kwanza,
ndipo niingie.
Hakuniuliza sababu. Naye kaoa Rungwe.

Chuoni tulikariri: mita sita hivi za utumbo mwembamba,
kidole tumbo kikining'inia kona ya kulia,
koloni inapanda, inavuka, inashuka.
Tulichora kwa kalamu za rangi.
Hakuna aliyechora harufu,
wala lile jitu la zambarau lililochomoza kwenye jeraha
likang'aa chini ya taa, limejaa upepo wa siku tatu.
Daktari akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha
kinyume, taratibu. Mara moja. Tena.
"Vitambaa vya moto."
Nikafunika. Tukangoja dakika kumi,
mvua ikipiga bati, hakuna anayesema.

Nilipofunua, wekundu ulikuwa unarudi
kutoka pembeni, kwa aibu aibu,
na chini ya kidole changu utumbo ukajikunja, ukatambaa
kama kitu kilichoamshwa.
Ila kipande kimoja kilibaki cheusi. Hicho akakikata,
akaunga ncha kwa ncha.
Nikakipokea kwenye beseni. Kilikuwa na uzito.
Mimi, nisiyeruhusiwa kukanyaga kivuli chake.

Kisha wodini ikawa swali moja, asubuhi na jioni:
"Baba, umetoa upepo?"
Wazee wa vitanda vya jirani nao wakalidaka,
wakawa wanaamka nalo kabla ya uji.
Siku ya nne nilikuwa nyuma ya pazia nahesabu vidonge
nikasikia.
Ndefu. Yenye mapumziko katikati. Haina haya hata kidogo.
Wodi nzima ikashangilia, mtu akapiga kitanda kwa bakuli,
na mume wangu Lusekelo, mlokole asiyecheka ovyo,
akatoka mbio koridoni kwenda kupiga simu nyumbani.
Mimi nikauma kona ya gauni langu jeupe
hadi machozi yakatoka.

Sasa amerudi. Buti ziko mlangoni.
Jana jikoni, moshi ukituuma macho,
mama mkwe alisogea karibu, akanong'ona:
"Walimkata kiasi gani?"
Nikaweka kisu chini, nikatanua viganja
kama muuza kitambaa asiyetaka kupunja.
Akatazama. Akaongeza kuni.
Nje mtu akakohoa,
nikageukia ukuta, mikono bado imetanuka.