Sampuli Nne, Barabara ya Kumi na Mbili

Zimeegemea ukuta wa uani tangu mwezi wa tatu:
kioo cha buluu,
kipande cha alukobondi rangi ya fedha,
vigae vya kahawia,
na tofali la matundu
ambalo Semkiwa alilileta bila kuulizwa.

Mimi kazi yangu kupima.
Kila saa nane mchana naweka kiganja juu ya kila kimoja,
nahesabu mpaka nishindwe,
naandika daftarini.
Kioo: tatu.
Alukobondi: mbili, na nikatukana.
Vigae: tano.
Tofali: niliacha kuhesabu, nikabaki nimeliegemea
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Bwana Mhina, mwenye jengo, hana muda wa viganja.
Anataka ghorofa nne zing'ae,
mtu akishuka basi Kange ajue mji umeamka.
Alikwenda Dar mara moja, akarudi na picha sitini kwenye simu,
zote za majengo yaliyovaa miwani.
"Chokaa," anasema, "ni ya makaburi."

Sibishani. Bei ya mita ya mraba naijua,
na kisichoandikwa kwenye bei nakijua pia:
skrubu zilizotoka dukani zikimeta,
masika hayajaisha, tayari zimelia kutu
mistari miwili juu ya fedha ile,
kama chai iliyomwagikia kanzu.

Semkiwa akanighania kutoka juu ya jukwaa:
*Kioo kina fahari, na chumvi haina haya;
hula kila msumari, na sura ikawa mbaya.*
Akakwama hapo hapo. Mstari wa tatu ulidai kina,
na zege lilikuwa linaganda.

Nyuma ya posta kuna nyumba ya mawe ya matumbawe.
Inachubuka, inapakwa. Inachubuka, inapakwa.
Ndoo moja ya chokaa, brashi ya katani, kijana mmoja, siku mbili kabla ya Idi.
Sijui kama huo ni udhaifu
au ndiyo maana ya kudumu.
Alukobondi haichubuki.
Ikibonyea, unaagiza kontena.

Tukafunga kioo kimoja tu cha majaribio,
ghorofa ya pili, upande wa magharibi.
Saa kumi jua likakigonga, likavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto,
likaingia kwa Mwantumu mshona mapazia,
likatua mezani juu ya hariri ya zambarau ya watu.
Akatoka na mkasi mkononi.
"Nani kawasha taa mchana?"
Nikamwonyesha.
Akakitazama kioo, akajiona, akarekebisha mtandio,
ndipo akakumbuka hasira yake:
"Ananunua yeye, naungua mimi."

Siku ile nikaongeza safu kwenye daftari,
baada ya bei, uzito, joto na miaka:
*jirani.*
Sikujua inapimwa kwa nini. Nikaiacha wazi.

Bwana Mhina akaja Alhamisi.
Sikumwambia neno. Nilimpa kiti cha Mwantumu,
na soda, na saa kumi.
Akakunja uso. Akahamisha kiti. Jua likamfuata.
Akamaliza soda amejikinga na faili la ramani.
"Mbele kioo," akasema, "kontena limeshalipiwa.
Ila huku..."
Akatoboa hewa kwa vidole, tundu, tundu, tundu,
kwa sababu jina la tofali lile hakutaka kulitamka.

Semkiwa amelipanga shubiri moja mbali na ukuta wenyewe,
upepo upite katikati.
Ukuta usipohema, anasema, hutokwa jasho kwa ndani,
nawe utadhani bomba limepasuka.

Leo nimepita kumuuliza Mwantumu.
Macho hayaungui tena, amekiri, sindano anaiona.
Lakini shomoro wamehamia matundu ya juu, ukoo mzima,
na wanaanza kelele kabla ya adhana.

Safu ya jirani sasa ina neno moja.
Nimeandika: *shomoro.*
Bwana Mhina atauliza ni shilingi ngapi.