Bolti Mezani

Jumanne usiku. Mvua ya Wales haina haraka,
inadondoka juu ya paa la ukumbi wa kanisa
kama mtu anayehesabu sarafu asizoziamini.
Viti arubaini; tulifika watu sitini.
Waliokosa pa kukaa waliegemea ukuta,
makoti yakifuka mvuke na harufu ya kondoo.

Kijana wa Mamlaka ya Hifadhi, Alun Trefor,
aliwasha projekta akatuonyesha mlima wetu:
mistari mitatu ya kijani, mmoja umepinda.
"Hii ndiyo nembo mpya."
Heulwen wa posta akauliza imegharimu kiasi gani.
Takwimu, akasema, hakuja nazo.

Mistari mitatu.
Baba yangu aliuchora mlima huo kwa uti wa mgongo,
miaka kumi na saba akipanga mawe ya ngazi,
wala hakuna aliyemwita mbunifu.

Picha ikabadilika. Maegesho: toka pauni nne hadi tisa.
Choo: kitafungwa Oktoba hadi Machi,
"kwa kuwa mahitaji hushuka."
Mzee mmoja akasema toka nyuma,
"Kibofu changu hakisomi kalenda."
Tukacheka. Alun naye alicheka,
kisha akakumbuka ametumwa.

Nisieleweke vibaya. Kulipa sikatai.
Namjua Nia, askari wa hifadhi,
anayelinda mabonde matatu peke yake
tangu wenzake wawili waachishwe kazi.
Nimemwona akizoa chupa za wageni,
akisugua majina waliyoyapaka mwambani
kwa brashi aliyoinunua mwenyewe.
Nia ningemlipa huku natabasamu.
Lakini hela yangu humezwa na mashine yenye kioo,
husafiri hadi ofisi ambayo sijawahi kuiona,
na huko njia yake huingia ukunguni,
hakuna kibao, hakuna alama ya rangi juu ya jiwe.
Mtu akipotea mlimani tunamtafuta kwa mbwa na tochi.
Pauni ikipotea,
nani hupuliza filimbi?

Ndipo Gethin Prydderch aliponyanyuka.
Hakuomba nafasi. Alipita katikati ya viti,
buti zake zikiacha tope kwenye mbao za kanisa,
akatia mkono mfukoni,
akaweka mezani bolti
iliyoliwa na kutu hadi ikabaki
nyembamba kama kidole cha mtoto.
"Ya daraja," alisema. "Ilidondoka mkononi mwangu.
Bandu bandu."

"Daraja lipi?" Alun akauliza.

Hata mvua, nadhani, ilisita.
Hakuuliza kwa kiburi, maskini; aliuliza kweli.
Anasimamia mlima ambao ameuona ukutani.
Heulwen, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano,
aliandika maneno hayo mawili
akayapigia mstari, kisha mstari wa pili.

Asubuhi yake, saa mbili, akaja
na viatu vya mjini. Gethin alimngoja na mbwa wake.
Mashine ikamtemea kadi mara ya kwanza,
ikamtemea mara ya pili.
Akapekua mifuko, akapata sarafu,
akalipa kama sisi sote, huku mvua ikimwingia shingoni.
Gethin alitazama juu, kama mtu anayekagua mawingu.

Toka dirisha la jikoni niliwaona wakipanda
ngazi za baba, polepole, wawili na mbwa.
Darajani yule kijana alichuchumaa,
akabonyeza ubao kwa kidole,
kidole kikazama.
Alikitazama kwa muda mrefu.
Walichosema hakikufika kwangu.

Hadi leo daraja lina kamba ya Nia
mahali palipokuwa na bolti.
Nembo mpya imeshabandikwa kwenye lango.
Na Ijumaa ile mashine iliamka na karatasi usoni,
HAIFANYI KAZI,
kwa mwandiko nilioutambua mara moja,
ingawa yenyewe ilikuwa ikifanya kazi vizuri tu,
na ingawa hadi sasa
hakuna aliyekuja kuniuliza.